Kichekesho Huchakaa, Wimbo Hunoga

Mchekeshaji akitaka kuja kufanya onyesho Tabora, mwenye ukumbi haulizi anachekesha vipi. Hilo analijua, amemwona kwenye runinga. Anachouliza ni hiki: "Ana wimbo?" Akiambiwa hana, bei inashuka pale pale, au simu inakatwa kwa adabu ya "tutawasiliana". Akiambiwa anao, na watoto wanauimba wakitoka shule, basi mabango yanachapwa kesho yake na gari la matangazo linazunguka kuanzia Kitete mpaka Isevya.

Mimi ni mshereheshaji. Harusi, kipaimara, mahafali, send-ofu za mabinti, zote nimeziendesha. Naishi hapa Kitete, jirani na hospitali ya mkoa, na kabla sijashika kipaza sauti nilikuwa napiga kinanda kwenye bendi za ukumbini. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili: nyuma ya mwimbaji, na mbele ya watu waliolipa kiingilio wakinikazia macho. Watu huniuliza kwa nini wachekeshaji wetu hawatulii. Leo mmoja yuko kwenye tamthilia, kesho katoa wimbo, keshokutwa anahubiri au amechukua fomu ya ubunge. Wengine husema ni tamaa. Wengine husema kipaji kimemwishia, sasa anatapatapa.

Sioni hivyo. Kuchekesha, kuigiza na kuimba si kazi tatu alizozirundika mtu asiyeridhika. Kwetu huku ni kazi moja ya siku nyingi, na kila upande wake unaziba pengo la mwenzake. Pengo kubwa kuliko yote ni hili: kichekesho huchakaa kwa kurudiwa, wimbo hunoga kwa kurudiwa.

Nitalieleza kwa njia ya kazini. Nikiwa na kisa cha kuchekesha, ukumbi utavunjika mbavu mara ya kwanza. Nikikirudia harusi ya wiki ijayo, nusu ya wageni ni wale wale, watatabasamu tu. Mara ya tatu kuna shangazi mmoja meza ya mbele atakimalizia kabla yangu. Lakini DJ akipiga wimbo ule ule wa wiki iliyopita, shangazi huyo huyo ndiye wa kwanza kuinuka. Anautaka kwa sababu anaujua. Mchekeshaji asiye na wimbo lazima abuni kipya kila usiku mpaka afe. Mwenye wimbo mmoja uliokubalika anaweza kuzunguka nchi nzima kwa dakika nne, na kila anapofika watu wanamsaidia kuziimba.

Kijana wa Muheza

Mfano ninaoupenda ni wa Hussein Ramadhani Mkiety. Ukitaja jina hilo pale sokoni, wengi watakutazama tu. Sema Sharo Milionea, mwenye genge ataacha kupima karanga akuonyeshe mwendo wake.

Alikuwa kijana wa Muheza, mkoani Tanga, na aliingia kwa watu kwa sura moja tu aliyoijenga vizuri: kijana wa mjini, nguo za kubana, miwani, sauti laini ya kuvuta maneno, anayejidai ana pesa ambazo mtazamaji anajua hana. Wakati ule vijana wa namna hiyo walikuwa wamejaa mijini na waliitwa masharobaro. Sharo hakuwabeza kwa mbali. Alijigeuza mmoja wao, akazidisha kidogo, akawaachia watu wengine kucheka. Mara nyingi alipambanishwa na Mussa Yusuf, maarufu Kitale, aliyeigiza teja: mchafu, mzito wa ulimi, mjanja. Ukiwaweka wawili hao kwenye fremu moja, mmoja anayeogopa vumbi na mwingine anayelala juu yake, kazi ya mwandishi imekwisha nusu. Aliigiza pia na Mzee Majuto, Mtanga mwenzake, ambaye nitamrudia.

Wengi walimfahamu kwa michezo ya runinga na filamu za diski zilizouzwa stendi na kwenye vibanda. Kisha akaingia studio akatoa nyimbo za Bongo Fleva, ukiwamo "Chuki Bure", alioufanya na Dully Sykes. Hapo ndipo wale wanaouliza kwa nini hawatulii huanza kunung'unika. Ila angalia alichokifanya. Hakutafuta sauti mpya ya kuimbia. Aliimba akiwa yule yule Sharo, kwa maringo yale yale. Mtu aliyeupenda wimbo alikuwa anaipenda sura, na mtu aliyeipenda sura sasa alikuwa na kitu cha kuweka kwenye simu yake na kukisikiliza asubuhi akienda kazini. Huwezi kuweka kichekesho kiwe mlio wa simu ukadumu nacho mwezi mzima. Wimbo unaweza.

Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 26 Novemba 2012, wilayani Muheza, akitoka Dar es Salaam kwenda nyumbani. Hakuwa ametimiza hata miaka thelathini. Mwaka ule ule, mwezi Aprili, tulikuwa tumempoteza mwigizaji Steven Kanumba. Nakumbuka sherehe za Desemba mwaka ule hapa Tabora: kila DJ alipiga wimbo wa Sharo, na hapakuwa na mshereheshaji aliyethubutu kuigiza mwendo wake. Tuliacha wimbo useme.

Sura, jina na tiketi

Ukikaa na watu wa kazi hii nyuma ya jukwaa, hutawasikia wakisema "mimi ni msanii wa fani mbalimbali". Wanazungumza hesabu. Hesabu yenyewe ni hivi.

Kuchekesha kunampa mtu sura. Sura si uso. Ni ule mkusanyiko wa sauti, mwendo, nguo na tabia ambao ukiuona kwa mbali unacheka kabla hajasema. Kuna wachekeshaji hodari ambao hawakuipata, wakabaki watu wa visa tu, na watu wa visa hawakumbukwi.

Runinga inampa jina. Inamfikisha Urambo, Sikonge na Nzega, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Lakini mara nyingi runinga hailipi kwa kadiri ya umaarufu inaotoa. Mtu anajulikana nchi nzima na bado anagombea siti ya daladala, na abiria wanamsalimia kwa jina la kwenye mchezo.

Wimbo unampa tiketi ya kusafiri. Onyesho la uigizaji linahitaji watu sita au saba, mavazi, meza, viti na mahali pa kulala wote. Mwimbaji wa pleibeki anakuja na mwenzake mmoja na flashi mfukoni. Anapanda basi, anashuka Tabora, anampa DJ flashi, anachekesha nusu saa, anaimba nyimbo mbili, anarudia ule unaopendwa, anakusanya chake. Promota anayehesabu nauli, chakula na chumba cha wageni hana haja ya kufikiri mara mbili.

Rashid Mwinshehe, yule tunayemwita Kingwendu, aliielewa hesabu hii mapema. Sura yake ilikuwa ya mtu wa shamba aliyejaa maneno, tofauti kabisa na usharobaro. Wimbo wake wa "Mapepe" ulipotoka, watoto ambao hawakuwahi kumwona akiigiza waliujua. Mwaka 2015 aligombea ubunge jimbo la Kisarawe kwa tiketi ya CUF. Hakushinda, lakini sikushangaa kumwona kwenye kampeni. Mtu aliyezoea kushika hadhira kwa kucheka na kuimba anajua tayari nusu ya kazi ya jukwaa la siasa. Nusu iliyobaki ndiyo ngumu.

Hapa Tabora tuna kumbukumbu ya aliyefika mbali zaidi kwa njia ya namna hiyo. Rashidi Mfaume Kawawa alisoma shule ya serikali hapa hapa mjini. Miaka ya 1950 aliigiza kwenye filamu za Kiswahili, ikiwamo "Muhogo Mchungu", zile zilizozungushwa kwa magari ya sinema na watu wakatazama wamekaa chini. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wazee waliomwona kwanza kwenye kitambaa cheupe hawakuona ajabu kumsikia baadaye redioni.

Kirangozi na mtani

Wanaodhani mchanganyiko huu umeletwa na runinga wanasahau wapo wapi. Tabora ni mji uliokuzwa na misafara. Wasafiri Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, walikuta Kazeh, kama mji ulivyoitwa wakati ule, ikiwa kituo kikubwa cha wafanyabiashara wa Kiarabu na cha wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Safari ya kwenda Bagamoyo ilichukua miezi. Hakuna anayetembea miezi na mzigo begani kwa kunyamaza.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Burton, katika kitabu alichokichapisha 1860, anamweleza amevaa kitambaa chekundu kirefu, ngozi ya mnyama na shungi la manyoya kichwani, huku ngoma ikipigwa nyuma yake. Alijua njia, ndiyo, lakini pia ndiye aliyeanzisha wimbo, na wapagazi wakaitikia. Waliimba juu ya njaa, juu ya ubahili wa mwenye mali, juu ya wake waliowaacha. Wakikaribia kijiji walijipamba na kupaza sauti ili waonekane wenye nguvu. Mavazi ya kuigiza, wimbo wa kuitikiwa, dongo kwa tajiri: vyote kwa mtu mmoja aliyelipwa ujira wa mtu mmoja, labda na nyongeza.

Misafara hiyo hiyo ilitandaza utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na wazee husimulia kwamba jambo hilo lilitengenezwa njiani, kwa kupita nchi za watu, kuuguzana na kuzikana ugenini. Utani unao jukwaa lake kamili, nalo ni msiba. Nimeshuhudia mtani akiingia matangani na kofia ya marehemu kichwani, akitembea kwa mwendo wake, akidai deni ambalo marehemu hakulilipa, akaimba, akagoma kusogea kaburini mpaka apewe chochote. Waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi bado yanatiririka. Yule hakusomea popote, lakini alichekesha, aliigiza, aliimba na alilipwa, katika muda usiozidi robo saa. Kama kuna chuo kilichonifundisha kazi yangu, ni kile.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaja ngoma ya beni, iliyotoka pwani na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ikafika mpaka Tabora. Watu walivaa kama maofisa, wakapeana vyeo vya ujenerali, wakacheza gwaride na kuimba kuwasema wapinzani wao. Mkoloni hakuwa na uhakika acheke au akasirike. Msanii mzuri humweka mkubwa katika hali hiyo.

Kisha yakaja magitaa. Mji huu mdogo ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukawa na Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Tabora Jazz ndiyo iliyompa Shem Karenga jukwaa la "Dada Asha", wimbo ambao mpaka leo nikiupiga harusini wazee wanaomba kiti kisogezwe pembeni wapate nafasi ya miguu. Bendi hizo hazikuwa za vichekesho, lakini kila bendi iliyodumu ilikuwa na mtu mmoja jukwaani aliyejua kuongea na watu kati ya wimbo na wimbo. Bendi isiyo na mtu huyo ilikuwa inapiga vizuri na kurudi nyumbani bila kitu.

Usiku mmoja, kila kitu

Lililoifanya kazi hii iwe ajira ya mshahara ni kundi la utamaduni. Baada ya uhuru serikali iliunda vikundi vya taifa: cha ngoma, kisha cha sarakasi ambacho vijana wake walikwenda kufunzwa China, kisha cha maigizo. Vilipovunjwa, nafasi yao ikashikwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza 1981, na wasanii wengi wakamiminika kwenye makundi ya Dar es Salaam: Muungano iliyoongozwa na Norbert Chenga, DDC Kibisa, Mandela. Mwaka 1992 ikazaliwa TOT chini ya Kapteni John Komba, na ushindani wake na Muungano ukawa gumzo la mji.

Onyesho la kundi la namna hiyo lilikuwa la saa nyingi. Kiingilio kimoja kilikupa ngoma, sarakasi, mazingaombwe, kichekesho, igizo, taarabu na muziki wa dansi. Mwenye kundi hakuweza kulipa watu tofauti kwa kila kipengele. Aliyecheza sindimba saa mbili ndiye aliyekuwa baba mkwe kwenye igizo saa nne, na saa sita alikuwa anaitikia taarabu kwa shati la kung'aa. Ukiomba kazi pale ukasema wewe ni mwigizaji tu, ulionyeshwa mlango.

Kichekesho chenyewe kilikuwa na ufundi ambao watu hawauoni. Hakikuandikwa. Kiongozi aliwakusanya, akawapa mkondo: mume bahili, mke mjanja, mtumishi kutoka bara anayeharibu kila kitu. Kila mmoja alijua anaanzia wapi na anaishia wapi, ya katikati aliyazua jukwaani kwa kusikiliza watu. Ukumbi ukicheka sana mahali, mnakaa hapo. Ukipoa, mnasogea. Mzee Small, yaani Said Ngamba, na mwenzake wa jukwaani Bi Chau walikuwa wa mkondo huu, na ndiyo maana walipohamia kwenye kamera hawakuhitaji kukariri karatasi. Redioni tulikuwa tumezoea Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, ambao waliweza kukuonyesha nyumba nzima kwa sauti mbili tu.

Kamera ina njaa

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, ila Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Vituo binafsi vilipofunguka vilihitaji cha kuonyesha, na wasanii wa makundi walikuwa tayari. Polepole watu wakaanza kubaki nyumbani. Kundi la onyesho la saa nyingi likakosa wa kulilipa.

Tofauti kubwa ni mwendo wa matumizi. Kwenye ukumbi, kichekesho kimoja kizuri kingezunguka mikoa mwaka mzima, kwa sababu watu wa Tabora hawakuona kilichofanyika Iringa. Runinga inakionyesha Tabora na Iringa usiku mmoja, na wiki ijayo inataka kingine. Kamera ina njaa kuliko hadhira yoyote.

Walioikabili njaa hiyo kwa ujasiri zaidi ni vijana wa Ze Comedy walioanza kituo cha EATV, kisha wakahamia TBC1 wakajulikana kama Orijino Komedi: Joti, Masanja, Mpoki, Vengu, Wakuvanga na Mac Regan. Walikuwa na dawa mbili. Ya kwanza, kuiga habari za wiki yenyewe, maana siasa zetu hazikosi kitu kipya. Ya pili, kuchukua nyimbo zinazotamba na kuziimba upya kwa mzaha. Tayari wimbo ulikuwa umeingia mlangoni.

Emmanuel Mgaya, ndiye Masanja Mkandamizaji, akaendelea hadi akawa mwimbaji wa nyimbo za Injili, mhubiri, na mkulima wa mpunga asiyeona haya kuonyesha matope ya shambani. Mwanzoni watu walidhani Injili ni mzaha mwingine. Wengine walikaa wakisubiri achekeshe. Lakini Injili ina kitu ambacho mchekeshaji anakihitaji anapokua: hadhira inayoruhusu uzee. Sharobaro wa miaka hamsini anatia huruma. Mwimbaji wa Injili wa miaka hamsini anaitwa mtumishi.

Wenzetu wa mbali nao wameikuta hesabu hiyo hiyo kwa njia yao. Marekani yupo Jack Black, mchekeshaji na mwigizaji ambaye pia ni mwanamuziki wa rock: yeye na Kyle Gass waliunda kundi la Tenacious D, na filamu yake iliyotamba mwaka 2003, "School of Rock", imesimama juu ya mcheshi mwenye gitaa. Anapiga rock kwa dhati na kuidhihaki kwa wakati mmoja, na watu wamelipa kumwona jukwaani hata baada ya kuziona filamu zote. Kwetu rock haikupata bahati hiyo. Vijana wa Dar es Salaam waliipiga mwishoni mwa miaka ya 1960 na baadaye, lakini zilikuwa nyakati za kutazama kwa jicho kali chochote kilichonukia ugeni. Soul ilipigwa marufuku jijini humo mwaka 1969. Mchekeshaji wetu hakurithi gitaa la umeme. Alirithi kuitikia, na Bongo Fleva na Injili zinampa cha kuitikiwa.

Kicheko hakina hati

Nimeeleza hesabu ya mapato. Ipo pia hesabu ya hasara, na mtu aliyefungua macho ya wengi ni Mzee Majuto.

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza akiwa mtoto mwaka 1958, na alipofariki hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018 alikuwa amechekesha kwa miaka sitini. Alipita jukwaani, kwenye kanda, runinga, filamu za diski na matangazo ya biashara. Sura yake ya mzee mtundu anayejifanya mnyonge iliuza bidhaa za kila aina. Alipougua ikabidi serikali na wadau wasaidie matibabu, ikiwamo kumpeleka India, na taifa likauliza kwa sauti: pesa za kazi zote zile zilikwenda wapi? Mwaka huo huo waziri mwenye dhamana ya sanaa, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na ya Majuto ilikuwa kiini cha mjadala ule.

Jibu wengi wetu tulilijua. Filamu za diski ziliuzwa kwa mkupuo: msambazaji anakulipa mara moja, haki zote zinakuwa zake, hata ikiuzwa miaka ishirini. Tangazo nalo, mtu anasaini karatasi asiyoisoma, anapewa fedha mkononi, kisha anajiona ukutani mwaka wa tano na hana la kudai. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na tunayo COSOTA inayosimamia haki hizo, lakini sheria hulinda kazi iliyobuniwa, haimlindi mtu kwa namna anavyovuta maneno au anavyotembea. Mwendo wa Sharo Milionea unaweza kuigwa na kijana yeyote bila kulipa senti. Wimbo ni tofauti. Una mtunzi, una siku ya kurekodiwa, unasajiliwa kwa jina. Mchekeshaji anayeingia studio, hata kama sauti yake ni ya chura, anatafuta kitu cha kwanza maishani mwake ambacho anaweza kukionyesha na kusema hiki ni changu.

Vijana wa sasa

Siku hizi vijana wa Tabora hawasubiri kundi wala kituo. Wanarekodi kwa simu chini ya miembe, wanatupia mtandaoni kabla jua halijazama. Jioni wananijia nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo una nini?"

"Nina klipu imefika watu wengi. Naomba unipe nafasi harusi ya Jumamosi."

Huwa sikatai. Namuuliza mambo matatu. Kwanza, klipu iko kwenye akaunti ya nani? Nusu yao hujibu ni ya rafiki mwenye simu nzuri, na hapo namwambia arudi akiwa ameshaandikiana na huyo rafiki, hata kwenye karatasi ya daftari, wote wawili wakasaini. Pili, sura yako ni ipi? Akianza kueleza muda mrefu, hana bado. Tatu, nikikuambia urudie harusi ya Jumamosi inayofuata, mbele ya watu wale wale, utafanya nini?

Hilo la tatu ndilo linalowachuja. Wengine hukaa kimya. Mmoja, binti wa Ng'ambo anayeigiza mama mwenye nyumba na wapangaji wake, alinijibu kwa kuimba. Kodi, maji, umeme, mgeni asiyelala, vyote alikuwa amevifungia kwenye kibwagizo cha mistari miwili, na mke wangu akaitikia akiwa jikoni bila kuombwa.

Kile ambacho simu haijawapa ni kile kundi la zamani lilichokuwa nacho: mkubwa wa kazi anayekaa pembeni na kukwambia hapo umezidisha, shuka. Kwa hiyo nimejipa mwenyewe nafasi hiyo. Anayepanda kwenye sherehe yangu anapata dakika kumi, kati ya chakula na keki, wakati ambapo watu wameshiba na bado hawajachoka. Akiwashika, namwongezea tano. Akianza kurudia kisa alichokwisha kusema, nagusa kinanda, na yeye anajua kwamba muda wa kuongea umekwisha na sasa aimbe. Binti wa Ng'ambo nilimgusia kinanda mara moja tu. Aliimba kodi yake mara tatu kwa kuombwa, na mama mwenye nyumba wa kweli, aliyekuwa meza ya nne, ndiye aliyemtunza noti ya kwanza.